Muhula wa kwanza Ujerumani: jina mlangoni kwanza, starehe baadaye

Ukifika kwenye chumba chako cha kwanza Ujerumani, kabla hata hujafungua begi, bandika jina lako kwenye sanduku la barua na kwenye kengele. Liandike jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Tarishi wa huku anaangalia jina; asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Na karibu kila kitu kitakachokuwezesha kuishi kinakuja kwa barua: kadi ya benki, namba ya siri ya kadi hiyo (inakuja na bahasha yake, siku nyingine), namba ya mlipakodi, kadi ya bima ya afya. Ukiwa umepanga chumba kwa mtu, jina lako likae chini ya lake.

Wanafunzi wengi kutoka kwetu hufika wakidhani mwezi wa kwanza ni wa kuzoea mazingira, mambo ya ofisi yatafuata. Huku ni kinyume. Ofisi zikikaa sawa mapema, ndipo mtu anapata nafasi ya kucheza mpira, kujifunza kuogelea, kuimba kwaya na kutembea miji mingine. Starehe nyingi za Ujerumani zina tarehe ya kujiandikisha, fomu na namba ya akaunti ya benki. Asiyekuwa na hivyo mwezi wa Oktoba anajikuta chumbani mpaka Aprili, na majira ya baridi ya huku si ya kukaa chumbani peke yako.

Karatasi, na nini kinatangulia nini

La kwanza ni kusajili anwani, Anmeldung kama watakavyokuambia wote. Sheria inakupa wiki mbili tangu siku uliyohamia. Unakwenda na pasipoti, fomu ya usajili, na barua ya mwenye nyumba inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung. Hiyo barua ndiyo inayowarudisha watu nyumbani mikono mitupu, kwa sababu mkataba wa kupanga hauchukui nafasi yake. Bweni la wanafunzi kwa kawaida linakupa pamoja na ufunguo. Mtu binafsi anayekupangisha inabidi umwombe, na umwombe kabla hujalipa senti. Akisema chumba kipo ila anwani usisajili, tafuta kwingine, hata kama bei ni nzuri: bila anwani iliyosajiliwa namba ya mlipakodi haitakufikia, na kibali cha ukaazi kitakuwa na utata.

Kwenye miji mikubwa, Berlin hasa, miadi ya ofisi hizi ni shida. Kalenda ikionekana imejaa, rudi asubuhi mapema, kwa maana waliofuta miadi yao wanaachia nafasi. Na ndani ya Berlin si lazima uende ofisi ya mtaa wako. Ya mtaa wowote inakuhudumia. Tunza uthibitisho wa miadi, utakusaidia kuonyesha kwamba hukukaa tu.

Namba ya mlipakodi inakuja yenyewe kwa posta wiki chache baada ya usajili. Ukianza kibarua kabla haijafika, mwajiri anaweza kulazimika kukukata kodi kwa daraja la sita, lililo zito kuliko yote. Fedha hiyo hairudi mpaka mishahara irekebishwe au ujaze maombi ya kurudishiwa kodi. Na kuhusu kibarua: tangu Machi 2024, mwanafunzi wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Andika siku zako mwenyewe kwenye daftari, usimtegemee mwajiri akuhesabie.

Fedha za akaunti iliyofungwa (ile uliyoiwekea fedha kabla ya viza, kuonyesha utaweza kujikimu), yuro 11,904 kwa mwaka kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024, hupewi kwa mkupuo. Zinatoka yuro 992 kila mwezi, tena zinaingia kwenye akaunti ya kawaida utakayofungua ukishafika. Hapo katikati kuna wiki ambazo huna fedha ya kuchukua. Njoo na akiba ya kodi ya chumba ya mwezi mmoja, chakula na dhamana ya chumba. Dhamana peke yake inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, ile kodi ambayo bado haijaongezwa joto na maji, lakini sheria inakuruhusu uilipe kwa awamu tatu. Wenye nyumba wengi hawalitaji hilo. Litaje wewe, kwa adabu.

Halafu kuna barua inayotupwa sana kuliko zote: ile ya ada ya redio na televisheni. Ni yuro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, uwe na televisheni au usiwe nayo. Watu wanaichukulia kama tangazo la biashara, deni linajilimbikiza pamoja na adhabu, na mwishoni wanadaiwa mia kadhaa. Kama mnaishi watu wanne kwenye nyumba moja, analipa mmoja tu. Wengine mnajibu barua zenu mkitaja namba ya mlipaji. Kwenye bweni ambalo kila mlango unafungukia ushoroba wa wote, kila chumba kinahesabika kama makazi yake na kila mtu analipa yake. Ukilijua hilo siku ya kwanza, unaliweka kwenye hesabu za mwezi na maisha yanaendelea.

Chukua pia bima ya madhara kwa watu wengine, Haftpflicht. Kwa mtu mmoja huwa haizidi yuro chache kwa mwezi. Soma kama inagusa kupotea kwa ufunguo wa nyumba ya kupanga. Ufunguo mmoja wa bweni mara nyingi unafungua chumba, lango kuu na chumba cha kufulia. Ukipotea, mwenye jengo anaweza kutaka vitasa vya jengo zima vibadilishwe kwa gharama yako.

Chumba chenye ukungu na king'ora cha moshi

Nyumba za huku zimezibwa ili joto lisitoke, na unyevu nao hautoki. Unaoga, unapika, unaanika nguo kwenye kiti, na hewa yenye maji inakwenda kukaa kwenye ukuta wa nje ulio baridi. Baada ya mwezi kuna madoa meusi nyuma ya kabati, na gharama ya kuyaondoa inaweza kukatwa kwenye dhamana yako. Dawa yake ni kufungua dirisha wazi kabisa, dakika 5 mpaka 10, mara mbili au tatu kwa siku, huku umezima kipasha joto. Kuliacha limeinamishwa kidogo kutwa nzima hakusaidii: ukuta unapoa, hewa haibadiliki vya kutosha, na bili inapanda. Kabati lisogeze liache nafasi ya kiganja kutoka ukuta wa nje.

Kitasa cha kipasha joto nacho kina namba ambazo watu wanazisoma vibaya. Namba 3 ni kama nyuzi 20, namba 2 ni kama 16. Ukiweka 5 chumba hakipati joto haraka zaidi. Kinaendelea tu kupashwa hadi kupita unapotaka. Weka 3, vaa sweta, subiri nusu saa.

Jikoni, jambo la kuogopa ni king'ora. Kwenye mabweni mengi king'ora cha ushoroba kimeunganishwa moja kwa moja na zimamoto. Kitunguu kikiungua au mafuta ya samaki yakitoa moshi, mkono wa mtu unakimbilia mlango. Usifanye hivyo. Ukiufungua, moshi unaingia ushorobani, zimamoto wanafika, na gharama ya gari inaweza kumwangukia aliyekuwa anapika. Funga mlango, zima jiko, fungua dirisha.

Taka zinatengwa: karatasi, vifungashio vya plastiki na bati, mabaki ya chakula, na zinazobaki. Rangi za mapipa zinatofautiana kidogo kati ya mji na mji, kwa hiyo soma kibao. Chupa za mvinyo na mitungi ya vioo zinapelekwa kwenye makontena ya mtaani kwa rangi, nyeupe, kahawia na kijani, tena si usiku wala Jumapili, kwa sababu zinapiga kelele. Chupa zenye amana ni habari nyingine: yuro 0.25 kwa kopo au chupa ya plastiki ya kutumika mara moja, yuro 0.08 kwa chupa nyingi za bia, yuro 0.15 kwa chupa nyingine nyingi za kurudiwa. Usizikunje kabla ya kuzirudisha, maana mashine ya dukani inasoma alama iliyo kwenye karatasi ya chupa, ikikunjika inakutemea. Mashine inatoa risiti, risiti unaipeleka kwa mhudumu wa malipo.

Ugali, chapati na Jumapili

Kupata unga wa ugali ni suala la kujua mfuko upi ushike. Kwenye duka kubwa la kawaida kuna mifuko mitatu inayofanana. Maisstärke ni wanga mtupu wa mahindi, mweupe na laini kama poda. Ukiusonga unapata gundi. Maisgrieß, au polenta, ni mahindi ya manjano yaliyosagwa kwa chenga: yanafaa, ila chenga zinahitaji muda. Chemsha maji nusu lita, tia kwanza vijiko vitatu vilivyokorogwa kwenye maji baridi, acha uji uchemke dakika kumi huku ukikoroga, ndipo uongeze unga uliobaki na kusonga. Ukiruka hatua hiyo ya uji, ugali unakaa kama mchanga mdomoni. Polenta iliyoandikwa kuwa ni ya dakika chache imeshapikwa kiwandani. Inalainika, lakini haishiki vizuri ukiimega. Kilicho bora ni unga wa mahindi laini kwenye maduka ya Kituruki, wa manjano, au sembe nyeupe kwenye maduka ya Kiafrika, ambayo utayapata kwenye miji mingi yenye chuo kikuu cha kueleweka, mara nyingi karibu na stesheni kuu ya treni. Humo utapata pia dagaa, mihogo, ndizi za kupika na mawese. Sukuma wiki mwenzake wa karibu ni Grünkohl, inayouzwa mbichi miezi ya baridi na iliyogandishwa mwaka mzima. Iliyogandishwa mara nyingi imekatwa ndogo mno na kupikwa kidogo, kwa hiyo ikaange haraka, usiiache mpaka iwe uji.

Kwa chapati, mfuko wa ngano unaosema Type 405 ni laini wa keki. Type 550 unavutika vizuri zaidi na chapati haikauki upesi. Pakiti moja ndogo ya hamira kavu, gramu 7, inatosha nusu kilo ya unga wa maandazi.

Haya yote yanunuliwe kabla ya Jumamosi usiku. Jumapili na sikukuu maduka yamefungwa, isipokuwa yale ya stesheni kubwa, vituo vya mafuta na mikate ya asubuhi kwa saa chache. Pasaka ndiyo inayowakamata wageni: Ijumaa Kuu, Jumapili na Jumatatu zote zimefungwa, katikati kuna Jumamosi moja ambayo foleni zake huzisahau. Kelele nazo zina mpaka, kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili kutwa. Mkitaka kusherehekea chumbani, bandika karatasi kwenye ngazi siku mbili kabla, ukiandika jina lako na namba ya simu. Jirani anayejua namba yako anakupigia wewe. Asiyeijua anapiga polisi.

Jumapili yenyewe, kwa maoni yangu, ndiyo siku nzuri ya mgeni akiipanga. Ni siku ya kupika kwa pamoja, siku ya mechi za ligi za chini mitaani, siku ya kutembea msituni. Mwaliko unatolewa mapema: wiki moja au mbili kabla, na saa. Ukiambiwa saa tisa ni saa tisa, na kama utachelewa dakika kumi unatuma ujumbe. Siku yako ya kuzaliwa, mwenye sherehe ndiye analeta keki, na usimpongeze mtu kabla ya siku yenyewe kufika. Wengi wao wanaamini kufanya hivyo ni mkosi.

Michezo, treni na watu

Kila chuo kikuu kina Hochschulsport, michezo ya wanafunzi, na sioni kitu kingine Ujerumani kinachompa mgeni mengi kwa fedha kidogo hivyo. Kuna mpira, voliboli, ngoma za kila aina, judo, kupanda kuta, kuogelea kwa wasiojua. Kozi ya muhula mzima mara nyingi ni makumi machache ya yuro, mengine ni bure. Tatizo ni nafasi. Usajili unafunguliwa siku moja, saa moja iliyotangazwa, na kozi zinazopendwa zinajaa kwa dakika chache. Jiandae hivi: wiki moja kabla fungua ukurasa, andika namba ya kozi unayoitaka na ya akiba, weka tayari namba ya usajili wa chuo na IBAN, yaani namba ya akaunti yako ya benki, kaa mbele ya kompyuta dakika tano kabla. Ukikosa, nenda darasani wiki ya kwanza ukamwombe mwalimu. Baadhi ya waliojisajili hawatokei kabisa, na walimu wengi wanajua hilo.

Anayetaka mpira wa ushindani ajiunge na klabu ya mtaa. Mazoezini unakaribishwa siku hiyohiyo. Kwenye mechi hupangwi mpaka upate leseni, na fomu inauliza kama uliwahi kusajiliwa na shirikisho la nchi nyingine. Kama uliwahi kuwa na kadi ya TFF au FKF, sema, kwa sababu kibali cha kimataifa kinaombwa kupitia shirikisho la Ujerumani na kinaweza kuchukua wiki kadhaa. Anza kukishughulikia Agosti, siyo wiki ya mechi.

Kwa safari, angalia kama tiketi ya nchi nzima imo kwenye ada ya muhula. Deutschlandticket ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, ikapanda hadi 58 Januari 2025 na 63 Januari 2026; vyuo vilivyoingia makubaliano wanafunzi wao wanalipa asilimia 60 ya bei hiyo. Unapanda mabasi, tramu na treni za mikoa, RE, RB na S-Bahn. Huruhusiwi ICE wala IC, treni za masafa marefu. Picha ya skrini haikubaliki, na simu ikizima mbele ya mkaguzi unaandikiwa yuro 60. Tiketi ikiwa na jina lako, ipeleke ofisi ya kampuni ya usafiri ndani ya muda ulioandikwa kwenye karatasi na kwa kawaida faini inashuka kuwa ada ndogo. Tembea na kitambulisho na chaja.

Baiskeli ni rahisi zaidi mjini. Ukinunua ya mitumba, dai risiti ya ununuzi uilinganishe na namba ya fremu, maana zilizoibwa ni nyingi. Iwe na breki mbili, kengele, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Miezi ya giza polisi wanasimamisha wasio na taa. Aliyekulia Tanzania, Kenya au Uganda, ambako gari linakaa kushoto, ajifunze upya: huku tunakaa kulia, na unapovuka barabara gari la kwanza linatokea kushoto kwako. Ajali za wageni nyingi zinaweza kuzuiwa na hilo peke yake.

Marafiki hupatikana zaidi mahali mnapokutana tena na tena kuliko kwenye sherehe. Mensa, mkahawa wa chuo, saa sita mchana ni mahali pa namna hiyo: ukiona watu wa darasa lako wanaondoka kwenda kula, uliza kama unaweza kwenda nao, na wiki inayofuata uwaite wewe. Kiswahili chenyewe ni mtaji. Kinafundishwa vyuo vikuu vya Bayreuth, Leipzig, Hamburg na Köln, na wanafunzi wake wanatafuta mtu wa kuzungumza naye. Jiandikishe kwa mwenza wa lugha kwenye kituo cha lugha cha chuo, saa moja kwa Kijerumani na saa moja kwa Kiswahili. Hamburg na Dar es Salaam zina undugu wa miji tangu 2010, kwa hiyo shughuli zinazohusu Tanzania hazikosekani huko.

Giza, kisha maziwa

Desemba Berlin jua linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Usingizi, uchovu na kukosa hamu ya watu vinavyokuja mwezi huo vina sababu, na kwa waliozoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima vinapiga zaidi. Toka nje kila siku mchana, hata kwa nusu saa ya mawingu, na panga jioni mbili za wiki zenye mazoezi ambayo umekwisha kuyalipia. Ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D kidogo kwa jua hilo dhaifu; zungumza na daktari kuhusu kipimo na dozi. Hali ikizidi, vyuo vina huduma ya ushauri wa kisaikolojia kwa wanafunzi, ya bure. Miadi inachukua wiki, omba mapema. Usiku au wikendi ukiugua bila kuwa hatarini, piga 116117. Hatari ya maisha ni 112. Simu za nyumbani nazo zinapangwa upya: Afrika Mashariki imetangulia saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto, saa zinabadilishwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba.

Kozi ya kuogelea uliyoianza Oktoba ndiyo inayokufungulia Julai, kwa sababu wakati wa joto nusu ya mji inahamia kwenye maziwa na mabwawa ya wazi. Chagua palipo na waokoaji: bendera nyekundu juu na njano chini inasema wapo kazini, ya njano peke yake ni hatari kwa wasiojua vizuri, nyekundu peke yake hakuna kuingia. Maziwa yaliyotokana na machimbo ya mchanga yana kingo zinazokatika ghafla na maji ya chini baridi kuliko ya juu, misuli inakaza. Mito ya Rhine na Elbe usiingie kabisa, hata ukiona watu wamesimama maji ya magotini. Meli ikipita inavuta maji kutoka ukingoni, kisha inayarudisha kwa nguvu, na kwenye vizuizi vya mawe kuna mizunguko ya maji ambayo muogeleaji hodari haishindi.